K562, HEL, TF-1, UT-7 au MEL? Kuchagua seli za lukemia za kuchunguzia ukuaji wa chembe nyekundu za damu

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia na pendekezo lake la utafiti likiwa limeshachapwa na kufungwa jalada la bluu. Alitaka kupima kama dawa aliyoikamua kwenye gome la mti wa kwao, magharibi mwa Kenya, inaongeza hemoglobini ya kijusi, ile ya mtoto aliye tumboni, kwa watu wenye selimundu, ili izibe pengo la hemoglobini yao yenye kasoro. Kwenye sehemu ya mbinu, jina la seli lilikuwa moja tu: K562, seli za lukemia, yaani saratani ya damu, zinazokuzwa maabara. Nikamwuliza kwa nini hizo. "Mwalimu, si ndizo ziko kwenye friza?"

Jibu lake nalielewa kabisa. Hapa Nairobi ukipita maabara tatu zinazokuza seli, mojawapo hukosi kukuta K562, kwa sababu watu wa kinga ya mwili huzitumia kama shabaha ya kupimia seli za NK, askari wa mwili wanaoua seli mbovu. Zipo, ni ngumu kufa, hazidai vitu vya bei. Lakini kuwepo kwenye friza si sababu ya kisayansi, na kwa swali la binti huyu zingempa jibu la kupendeza ambalo lisingekuwa kweli. Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye fedha za kununua ukoo mmoja au miwili tu wa seli.

Tuanze na safari yenyewe. Chembe nyekundu huanzia kwenye uboho, kwa seli mama yenye alama ya CD34. Wazao wake wanapofika hatua fulani huanza kutegemea homoni ya erithropoyetini, yaani EPO, inayotoka kwenye figo. Hapo seli hugawanyika mara chache, na kila mgawanyiko inakuwa ndogo zaidi, inajaa hemoglobini, kiini chake kinasinyaa na kuwa cheusi, kisha siku moja kinatemwa nje. Kinachobaki ni retikulosaiti, na baada ya siku moja au mbili hiyo ni chembe kamili itakayozunguka mwilini kwa siku 120 hivi. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban milioni 2 za namna hii kila sekunde.

Seli za lukemia ni abiria walioshushwa njiani. Mmoja kaachwa Uthiru, mwingine Kangemi, mwingine karibu na Westlands, na hakuna hata mmoja aliyefika mjini. Kwa hiyo usiulize ni seli zipi bora. Uliza swali lako linahusu kituo gani, kisha umtafute abiria aliyekwama hapo.

K562

Zilitoka kwenye maji ya kifua ya mwanamke wa miaka 53 aliyekuwa na lukemia sugu ya mieloidi, ugonjwa ukiwa umefika hatua yake ya mwisho. Carmen na Bismarck Lozzio walizichapisha mwaka 1975, nao walidhani ni seli za ukoo wa chembe nyeupe. Ilipofika 1979 ndipo glikoforini, protini ya ngozi ya chembe nyekundu, ilipoonekana juu yake, na mwaka huohuo ikaonyeshwa kwamba ukizipa hemini, kemikali yenye chuma, zinatengeneza hemoglobini. Kila ninapotoa kichupa cha seli hizi kwenye naitrojeni humkumbuka mwanamke yule. Nusu karne imepita tangu makala ile, na bado anafundisha watoto wa watu.

Uzuri wake unaujua kila aliyewahi kuzikuza. Zinaelea, hazishiki chupa, zinaongezeka maradufu kwa siku moja hivi, na zinaridhika na lishe ya RPMI yenye asilimia 10 ya seramu ya ndama. Jeni za BCR na ABL zimeungana ndani yake, kwa hiyo hazihitaji homoni yoyote kutoka nje. Jenomu yake imesomwa kuliko karibu seli nyingine yoyote ya damu, maana ENCODE, mradi wa kuchora ramani ya jenomu ya binadamu, uliziweka daraja la kwanza. Ukitaka kujua GATA1, protini inayowasha jeni za chembe nyekundu, inakaa wapi kwenye kromosomu, data ipo bure kwenye intaneti, na kwa maabara isiyo na mashine ya kusoma DNA hiyo ni mali kubwa.

Sasa upungufu wake, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, hemoglobini yake ni ya mtoto aliye tumboni. Jeni za globini zinazofanya kazi ndani yake ni epsiloni, zeta, gama (ile ya hemoglobini ya kijusi) na alfa. Beta, ile ya mtu mzima, karibu haipo. Na selimundu ni badiliko la herufi moja kwenye jeni ya beta, pale asidi ya glutamiki inapogeuka valini. Jeni ya beta unaweza kuikata na kuihariri ndani ya K562, kwa sababu DNA ipo, na wengi wamepimia makasi yao ya kuhariri jeni hapo. Hemoglobini S yenyewe hutaiona.

Pili, na hili ndilo lililomhusu binti yule, gama ndani ya K562 tayari imefunguliwa. Ukitia dawa na hemoglobini ikapanda, hujafungua mlango uliofungwa. Umesukuma mlango uliokuwa wazi. Kwa mgonjwa mtu mzima tatizo ni kwamba mlango wa gama umefungwa, na mmoja wa wanaoushikilia ni protini ya BCL11A. Dawa inaweza kung'ara ndani ya K562 kwa sababu tu imezisukuma seli zikomae, au hata kwa sababu imeziumiza kidogo. Seli hizi hutengeneza hemoglobini zikipewa butireti, saitarabini, sisplatini na orodha ndefu ya sumu nyingine.

Tatu ni kosa la mezani. Hemini yenyewe ni hemu, sehemu ya hemoglobini inayobeba chuma. Benzidini, rangi tunayotumia kuhesabu seli zenye hemoglobini, hugeuka bluu ikikutana na hemu. Nimeona slaidi ambayo asilimia 60 ya seli zilihesabiwa bluu, lakini ukiisogeza karibu chini ya hadubini unaona vichembe vyeusi vimeng'ang'ania nje ya ukuta wa seli. Hiyo ilikuwa hemini ambayo haikuoshwa. Osha seli mara tatu, weka kipimo cha pembeni cha hemini bila seli, na thibitisha kwa kupima RNA ya gama yenyewe. Uvae glavu pia, maana benzidini inasababisha saratani.

Jambo la nne ni fupi: K562 zilizopewa hemini haziachi kugawanyika, ukiiondoa hemini zinarudi zilikotoka, na kiini hazikitemi. Ukitaka kuchunguza mwisho wa safari, hapa hakuna mwisho. Ukizipa kemikali ya PMA zinaelekea upande wa seli za chembe sahani. Kwa mtu anayechunguza jinsi seli inavyochagua njia, tabia hiyo ni zawadi.

HEL

Kwa HEL sitakawia. Zilichapishwa mwaka 1982, zikitoka kwa mwanamume aliyetibiwa ugonjwa wa Hodgkin kisha akapata lukemia ya chembe nyekundu. Nazo hutengeneza gama zaidi, beta kwa shida. Kinachozitofautisha na K562 ni badiliko la V617F kwenye jeni ya JAK2, protini inayopokeza ujumbe wa EPO ndani ya seli, lilelile lililogunduliwa mwaka 2005 kwa wagonjwa wenye damu nzito kupita kiasi. JAK2 yao imewashwa saa zote. Ukichunguza ugonjwa huo au dawa za kuzima JAK2, HEL ndizo zako. Ukichunguza jinsi seli ya kawaida inavyoisikia EPO, ziache. Swichi iliyokwama haiwezi kukufundisha inavyowashwa.

TF-1 na UT-7: seli zinazosubiri homoni

Hapa ndipo swali la EPO linapopata makao. TF-1 zilielezwa mwaka 1989 kutoka kwa mgonjwa Mjapani wa miaka 35. Haziishi bila GM-CSF au IL-3, ambazo ni saitokini, yaani protini za kuamuru seli zikue. Ukizihamishia kwenye EPO zinastahimili kwa muda tu. UT-7 zilifuata mwaka 1991, nazo zilitoka kwa mgonjwa wa lukemia ya seli mama za chembe sahani, na mwaka 1993 kikapatikana kitawi chake, UT-7/EPO, kinachotegemea EPO kwa uhai wake wote. Ukiinyima EPO jioni, kesho yake unaanza kuona maiti.

Utegemezi huo ndio faida. Unaweza kupima EPO kwa kuhesabu seli zilizobaki hai, unaweza kutazama STAT5, protini inayofikisha ujumbe wa EPO kwenye jeni, ikiwashwa ndani ya dakika chache, unaweza kujaribu dawa inayoziba kipokezi. Utegemezi huohuo ndio gharama. Kwenye maabara moja niliyowahi kufanyia kazi, shehena ya saitokini ilikaa uwanja wa ndege juma zima ikisubiri karatasi. Barafu kavu ikaisha, na TF-1 zetu zote zikafa tukiziangalia. Tulikuwa tumegandisha vichupa viwili tu, kimoja kikakataa kuamka. Miezi minne ya kazi ya kijana wa watu ilipotea hivyo, na bado inaniuma.

Jambo linalosaidia Nairobi: EPO ni dawa ya hospitali, wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu huchomwa, kwa hiyo hupatikana famasi bila kungoja shehena. UT-7/EPO zinatosheka na uniti 1 hivi kwa mililita. GM-CSF ni habari nyingine. Kwa sababu hiyo, mtu akiniuliza kati ya hizo mbili ni zipi zinazofaa mji huu, nasema UT-7/EPO, ingawa TF-1 ndizo zinazotajwa zaidi kwenye makala.

Ila usizitegemee kwa hemoglobini nyingi. Hubadilika rangi kidogo tu, na kukomaa kwake kunaishia mapema.

MEL: ni za panya, lakini zinafika mbali

Charlotte Friend aligundua kirusi chake cha lukemia ya panya miaka ya 1950. Mwaka 1971 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba seli zilizotokana na ugonjwa huo zikipewa DMSO zinaanza kutengeneza hemoglobini. Ni DMSO hiyohiyo unayogandishia seli, imekaa rafuni kwako sasa hivi. Asilimia 1.5 hadi 2, siku nne au tano, basi.

Matokeo yake ni ya kumwonyesha mtu asiyeamini. Siku ya kwanza ukizizungusha kwenye sentrifuji, kibonge kilichotua chini ya mrija ni cheupe kama uji wa wimbi uliopaukia, tuseme wenye kijivu kwa mbali. Siku ya tatu kina waridi. Siku ya tano kimekuwa chekundu cha ini, bila rangi yoyote ya kupaka. Seli zimekuwa ndogo, viini vimebana, na nyingi zimeacha kugawanyika kabisa. K562 hazifiki hapo.

Sababu ya kukwama kwake inajulikana vizuri pia. Kirusi kilijipachika karibu na jeni ya PU.1, protini inayovuta seli upande wa chembe nyeupe, na kuiwasha kupita kiasi, na PU.1 inaikaba GATA1. Ukipunguza PU.1 au ukiongeza GATA1, seli inaachiliwa. Kwa kufundisha jinsi protini mbili zinavyovutana ili seli iamue hatima yake, sijaona mfano ulio wazi kuliko huu.

Lakini panya si mtu. Globini zake zinatoka za kiinitete moja kwa moja hadi za mtu mzima, hazina kile kipindi kirefu cha gama tulicho nacho. Anayetafuta dawa ya kuongeza hemoglobini ya kijusi akija na matokeo ya MEL, nitamrudisha.

Zile ambazo si za lukemia

Ulinganisho huu ungekuwa nusu kama ningezinyamazia. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walitoa HUDEP-2, seli za damu ya kitovu zilizofanywa zisizeeke kwa jeni za E6 na E7 za kirusi cha HPV16, zenye swichi inayowashwa kwa doksisaiklini. Hutengeneza zaidi hemoglobini ya mtu mzima, na gama yake iko chini. Yaani mlango umefungwa, na ukifunguka utauona. Ndani ya seli hizi ndimo sehemu ya BCL11A inayofanya kazi kwenye chembe nyekundu ilipochambuliwa kipande kwa kipande mwaka 2015, na sehemu hiyohiyo ndiyo inayokatwa na Casgevy, tiba ya selimundu ya kuhariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023. Mwaka 2017 Bristol wakatoa BEL-A kutoka uboho wa mtu mzima, nazo zinatema kiini na kukuachia retikulosaiti.

Hizi mbili hazinunuliwi kama sukari. Unaandika barua, taasisi yako inasaini mkataba wa kuhamishiwa seli, mawakili wa pande zote wanasoma. Zikifika zinadai EPO, kipengele cha seli mama kiitwacho SCF, deksamethasoni na doksisaiklini. Ni mzigo, lakini ni mzigo wenye maana.

Njia ya tatu ni kuchukua CD34 zenyewe kutoka damu ya kitovu. Mji huu una wodi za uzazi zenye kazi usiku na mchana, na damu hiyo kwa kawaida hutupwa. Unahitaji ridhaa ya mama kabla ya uchungu kukolea, idhini ya kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na wiki tatu za kuzilea kwa awamu, homoni zikibadilishwa kila hatua. Kila mtoto ni tofauti na mwenzake, kwa hiyo sampuli moja haitoshi. Ila ni seli za kweli, na hazikukwama popote.

Kwa wanaochunguza malaria kuna neno la ziada. Kimelea cha falsiparumu kinaingia kwenye chembe nyekundu, hakina haja na K562. JK-1, zilizotoka kwenye lukemia, na BEL-A zimetumika kuondoa jeni moja moja na kuona kimelea kinakosa mlango upi. Kwa nchi ambayo watafiti wake wa Kilifi wametufundisha kwamba damu ya aina ya Dantu huzuia malaria kali kwa kukaza ngozi ya chembe, ningependa sana kuona seli hizo zikikuzwa hapa.

Nairobi na kabati la seli

Mwongozo wa kila seli hapo juu utakuambia uweke kaboni dioksidi asilimia 5. Mwongozo huo uliandikwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu, na shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Asilimia 5 yetu ni sawa na 4.1 yao. Lishe inaegemea upande wa alkali, rangi yake inapotea kuelekea zambarau, na TF-1 hasa hazipendi. Asilimia 6 hukurudisha karibu na pale walipokusudia. Usiamini namba iliyo kwenye mlango wa inkubeta, pima pH ya lishe iliyokaa ndani usiku kucha.

Stima nayo. K562 zitavumilia inkubeta iliyopoa usiku mmoja, MEL pia. UT-7/EPO zitanung'unika. CD34 za siku ya 12 hazitakusamehe. Kama jengo lako halina jenereta inayojiwasha yenyewe, hilo liingie kwenye uamuzi sawasawa na jeni.

Kwa hiyo uchukue zipi?

Unafundisha au unachora ramani ya GATA1 na wenzake: K562. Unapima dawa za JAK2: HEL. EPO na kipokezi chake: UT-7/EPO, au TF-1 kama una uhakika wa saitokini. Unataka kuona seli ikijaa hemoglobini na kuacha kugawanyika kwa bei ya chini: MEL. Hemoglobini ya kijusi kwa ajili ya selimundu: HUDEP-2 au damu ya kitovu, na K562 ziingie mwanzo tu, kuchuja sumu.

Hicho ndicho binti yule alichokubali baada ya mabishano ya saa nzima. "Sasa mwalimu, pendekezo si litarudi kwa msimamizi upya?" Nikamwambia litarudi, na ni heri lirudi sasa kuliko tasnifu irudi baadaye. K562 zitamwambia dozi gani ya gome inaua. Dozi zisizoua zitaenda kwenye seli za kitovu kutoka kwa kina mama watatu tofauti, hidroksiurea ikiwa kipimo cha kulinganisha kwa sababu ndiyo dawa ya selimundu tunayoijua. Watoto wa Kilifi walikuwemo kwenye utafiti wa hidroksiurea wa nchi nne za Afrika uliochapishwa mwaka 2019.

Ukoo wowote utakaoupokea, hata kama umepewa na rafiki yako wa ghorofa ya juu, uupime mikoplazma, bakteria wadogo wanaojificha kwenye seli, kabla haujalala kwenye inkubeta moja na seli za wengine. Upeleke kipimo cha utambulisho wa DNA, maana K562 za maabara moja na za nyingine zimeshaachana njia kwa miaka mingi na nyingine si K562 kabisa. Kabla ya jaribio la kwanza gandisha vichupa 10, na vitano kati yake vikae kwenye tangi la jengo jingine.